Toa Mkia

Mimi si mtu wa kunyamaza. Mdomo ndio kazi yangu. Nalipwa nikisema, na nisipolipwa nasema vilevile. Redioni wananiita Pilipili, na jina hilo sikupewa kwa uzuri wa rangi. Kwa hiyo asubuhi ile niliponyamaza hewani, katikati ya kipindi changu mwenyewe, fundi mitambo aliyekuwa upande wa pili wa kioo aliruka kwenye kiti akaanza kugusa nyaya, akidhani kuna kitu kimekatika. Na kweli kilikatika, ila hakikuwa kwenye mitambo yake.

Kipindi kinaitwa Toa Mkia. Kinaanza kila asubuhi baada ya taarifa ya habari. Msikilizaji anapiga simu akiwa ameficha neno kichwani, neno la kawaida tu, kitu ambacho hata wewe unacho nyumbani: ndoo, ufunguo, ufagio. Anasema, "Nimeficha." Mimi namjibu, "Toa mkia." Hapo ananipa kidokezo kimoja, halafu kingine, mpaka vinne. Jibu silijui, nabahatisha kama wewe uliyesimama jikoni kwako. Nikilipata, mpigaji anaimba hewani, hata kama sauti yake ni ya mlango usiotiwa mafuta. Nikishindwa, nambebea zawadi hadi kwake kwa miguu yangu mwenyewe: beseni, na ndani yake sukari, sabuni na mafuta ya kupikia. Sheria hiyo ya mwisho niliiweka kwa majivuno, maana mimi sishindwi. Beseni lilikuwa limekaa juu ya kabati la studio mpaka vumbi likalizoea.

Watu hunisifu kwamba nimebuni mchezo mzuri. Sikubuni kitu. Mama yangu alikuwa anaosha vyombo, mimi nafuta, na katikati ya povu anasema, "Nimeficha." Tulicheza hivyo mpaka nikawa mtu mzima. Halafu nikampeleka nyumbani mwanaume niliyemtaka. Mama alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia, akaniambia mbele yake kwamba fundi makochi atanikalisha juu ya misumari maisha yangu yote. Harusini hakuja. Alituma ujumbe tu kwamba hata maji ya kunywa hatayapokea kutoka kwenye mkono ule. Nami ulimi sikuazima kwa jirani, niliurithi kwake: nikamjibu kwamba basi maji yake na yangu yasikutane tena. Nikazuia simu yake, ya mama mdogo, na ya kila aliyejifanya msuluhishi. Yeye alibaki kwao, safari ya siku nzima kwa basi. Mimi nikabaki huku na mume wangu.

Mume wangu ni mtu wa maneno machache sana. Mdomoni mwake mna misumari midogo kuanzia asubuhi, ataongeaje? Mtaani wanamwita Msumari. Anavalisha makochi nguo mpya, anarudi nyumbani ananuka gundi, na mifukoni mwake nikifua nakuta vipande vya mahameli. Akiniudhi namfokea, yeye anatabasamu, anakwenda kuosha vyombo. Kwa ajili ya huyo nilimwacha mama yangu. Naomba hilo ulishike vizuri. Mwenye macho mawili akipoteza moja, analo la kuonea. Mimi la kwanza nililing'oa mwenyewe, nikabaki na hili, na asubuhi ile nikaona nalo linang'oka.

Aliyepiga alijiita Mama Mapacha. Hakuwa mgeni sana; alishawahi kupiga mara kadhaa, maneno mepesi, chumvi, mlango, nikayanasa na yeye akaimba. Alikuwa na kicheko kizuri na tabia moja ya ajabu: kabla ya kila kidokezo alinyamaza kidogo, halafu anakisema kwa mkupuo kama mtu aliyenong'onezwa. Nilidhani anasoma kwenye karatasi.

"Nimeficha," akasema.

"Toa mkia, mama."

"Nina mkono mmoja, na sijawahi kumpa mtu salamu."

Nikacheka, nikawauliza wasikilizaji kama wanamjua mwenye kiburi huyo. Nikaomba mkia wa pili.

"Kila asubuhi nabusiwa mdomoni, na bado sijaolewa."

Hapo neno nilishalipata, kikombe, nani asiyelijua. Lakini mtangazaji hali chakula chote kwa tonge moja. Nikajifanya sijui, nikaomba cha tatu. Mama Mapacha akanyamaza kidogo, halafu akasema kwamba mkono wake uliwahi kuvunjika, hakupelekwa hospitali, alitiwa gundi, na kovu lake ukipitisha kidole unalihisi. Nikacheka tena, ila kicheko kikatoka nusu. Mimi nilikuwa na kikombe cha namna hiyo. Mkono wake Msumari aliuvunja akiosha vyombo, akaurudishia kwa gundi ya makochi. Nikajiambia vikombe vilivyovunjika mikono duniani havina idadi.

"Na cha nne," akasema, "kuna mtu alinikwaruza kwenye kitako kwa ncha ya mkasi, mstari huku na mstari huku, ukawa msalaba."

Ndipo niliponyamaza. Msalaba ule niliukwaruza mimi. Kikombe kile nilikuwa nacho hapo hapo studio, na kwa kuwa watu wa redio hawajui changu na chako, nilichukua mkasi nikakitia alama chini, kisha nikaona isiwe tabu, nikakirudisha nyumbani. Msumari aliniambia kimemponyoka sakafuni kikasagika, na vipande amevitupa. Nilimsamehe na bado nikamfokea. Sasa kikombe kilichosagika kilikuwa kinabusiwa kila asubuhi kwenye nyumba ya mwanamke mwingine.

Nikamwona fundi mitambo ananipungia, anajikata shingo kwa kiganja, anaelekeza saa. Mwishowe nikasema "kikombe" kwa sauti ambayo sikuijua ni ya nani. Mama Mapacha akapiga kigelegele, akaimba. Wimbo wake wote sikusikia hata neno moja.

Jioni nilimuuliza Msumari, polepole, kana kwamba ni mazungumzo tu, kile kikombe changu kilikwenda wapi. Akasema si nilishakwambia, kilivunjika. Alisema akiwa ameinamia kopo la gundi ambalo halikuwa na haja ya kuinamiwa. Msumari hajui kudanganya. Akidanganya masikio yanamwiva. Yaliiva.

Nilipobaki peke yangu nikaizunguka nyumba kama mgeni. Blanketi la sufi halipo. Aliniambia amefunikia kochi la mteja lisilowe mvua. Kigoda changu cha jikoni hakipo. Eti anakikaza miguu. Redio ndogo haipo. Imekwenda kwa fundi. Chupa ya chai ya zamani haipo. Kila kitu kiliondoka na sababu yake mkononi, na mimi, mwanamke ninayejisifu kwamba hakuna neno linalonipita, nilizipokea sababu zote na kuzitundika msumarini. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako. Wamesahau kusema kwamba chenyewe ndicho kinachokufulia hizo nguo.

Kwa nini sikumkaba koo papo hapo? Nilitaka. Lakini ningemkaba na nini, na kidokezo cha redioni? Angesema vikombe vinafanana, nami ningetamani kuamini. Ukweli ni kwamba niliogopa. Pilipili mzima niliogopa, kwa sababu nilijua nikimfukuza Msumari sina pa kwenda kulia. Nyumba ya kulilia niliifunga mwenyewe.

Wiki haikuisha, Mama Mapacha akarudi hewani. Fundi mitambo aliponiandikia jina lake kwenye kioo, nilivuta kipaza sauti karibu.

"Nimeficha, dada Pilipili. Mchana nakunjwa kama sina kazi, usiku ndiyo naitwa."

"Toa mwingine."

"Wawili wakinivutana, mmoja anaamka na mafua."

Blanketi. Nililijua tangu mkia wa kwanza, na mara hii sikuwa na haja na neno. Nilitaka mikia. Nikauomba wa tatu kama mgonjwa anayemwomba daktari amwambie tu. Akasema kona yake moja iliunguzwa na pasi. Nikashika meza. Akasema cha nne: kiraka alichotiwa si cha jamaa zake, maana yeye anakwaruza, na kiraka kinateleza kama shavu la mtoto mchanga.

Mahameli ya makochi. Nilikuwepo kikishonwa. Nilishika taa.

Hapo nikavunja sheria za kipindi changu mwenyewe. Nikamuuliza blanketi hilo ni la rangi gani. Nikasikia kama mtu anakohoa kwa mbali, halafu Mama Mapacha akasema kwamba rangi hazimo kwenye mchezo wao. Nikamuuliza basi, linanukaje? Hilo halikuchukua hata muda wa kupepesa.

"Gundi," akasema. "Gundi na mbao. Harufu ya mtu anayefanya kazi."

Nikalitaja neno, akaimba, nikapiga muziki mmoja baada ya mwingine mpaka kipindi kikaisha. Fundi mitambo aliingia na glasi ya maji, akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu vibaya, nikamwomba radhi, nikamjibu vibaya tena. Nyumbani sikupika. Msumari alikuta jiko limepoa, akapika yeye, akaniwekea chakula, akakaa ananitazama na uso wake ule wa mtu asiye na kosa. Nilikula kwa hasira. Nilitamani kingekuwa kibaya, na kilikuwa kitamu.

Simu ya tatu ndiyo iliyonimaliza.

"Leo sikuficha kitu," akasema Mama Mapacha, na sauti yake haikuwa na kicheko. "Nimeficha mtu."

Fundi mitambo akanionyesha dole gumba, yaani kipindi kimenoga. Nami nilikuwa nasikia moyo unagonga ndani ya vipokea sauti.

"Toa mkia."

"Nilimfungia mlango. Akakaa nje mpaka nilipofungua mwenyewe."

Sikuomba wa pili, alinipa.

"Hana maneno. Anachotaka kusema anakisema kwa nyundo."

Kioo cha studio kilikuwa mbele yangu, nikajiona ndani yake, mdomo wazi kama samaki. Fundi mitambo akacheka peke yake kwa nyundo ile.

"Asubuhi anachota maji, ananijazia chupa ya chai, anapanga viatu vyangu pale pale nilipoviacha, cha kulia kulia, cha kushoto kushoto. Halafu ndiyo anakwenda kazini."

Kumbe ndiyo sababu anatoka nyumbani alfajiri. Mimi aliniambia eti ana makochi ya hoteli ya kumaliza.

"Na cha nne. Sikumzaa, na niliapa sitamtaka. Sasa nikimwita anaitika kabla jina halijaisha mdomoni."

Mji mzima ulikuwa unasubiri neno. Nililitoa kama mtu anavyotoa jino.

"Mume," nikasema.

Nikasikia mnong'ono, kisha Mama Mapacha akashusha pumzi.

"Hapana, Pilipili. Umekosa. Neno ni mkwe."

Kosa lenyewe ni la kwanza tangu kipindi kianze, na wasikilizaji nadhani walishangilia majumbani kwao. Mimi nilikuwa nimekaa na neno lile kama mtu aliyewekewa kaa la moto kiganjani. Mkwe. Kwa hiyo huyu anayenong'ona pembeni ni mama wa mtu. Ana binti, na binti huyo ameolewa na mume wangu. Haikuwa vikombe na mablanketi tena. Ni ndoa kamili, yenye mama mkwe na chupa ya chai.

"Na binti yuko wapi?" nikauliza hewani. Sikujali tena sheria.

Mnong'ono haukuja. Nilisubiri nikadhani simu imekatika. Halafu Mama Mapacha akasema, taratibu, "Ameniambia nikujibu hivi: binti yupo, ila ana shughuli nyingi. Na beseni tunalisubiri. Si kwa miguu yako mwenyewe?"

Kwa miguu yangu mwenyewe. Nikateremsha beseni, nikalifuta vumbi kwa upande wa kanga yangu, nikachukua anwani kwa fundi mitambo, nikashuka ngazi.

Ilikuwa upande wa pili wa soko, nyuma ya karakana za mbao, hatua chache tu kutoka kibanda cha kazi cha Msumari. Hata kujificha hakujificha. Nilitembea na beseni kichwani na watu wananitania njia nzima, leo Pilipili kapatikana, leo Pilipili kapikwa. Nilitabasamu kwa meno tu. Kichwani nilikuwa napanga maneno nitakayomwambia huyo binti mwenye shughuli nyingi, na huyo mama yake anayejitapa redioni na blanketi la watu. Niliyapanga kwa ukali wake, madogo mbele, makubwa nyuma, na jingine moja nilimwekea Msumari ambalo siwezi kuliandika hapa.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, ya vyumba vya kupanga, na ua katikati wenye kamba za nguo. Mama Mapacha alinitambua kwa beseni. Msichana mdogo kuliko sauti yake, mtoto mmoja mgongoni na mwingine ananing'inia kwenye sketi. Alinipokea kama ndugu, akataka kunitua mzigo. Nikamwambia nitautua mbele ya mwenyewe. Nikamuuliza binti yuko wapi.

"Binti gani?" akasema. "Bibi anakaa peke yake. Mimi jirani tu, namshikia simu."

Tukapanda ngazi, yeye mbele, na akiwa anapanda alinisimulia, maana ni mtu wa kusimulia. Bibi haoni. Presha ya macho ilimla kidogo kidogo huko kwao, naye akaificha mpaka alipoanza kugonga kuta. Mdogo wake bibi ndiye aliyempigia huyo mkwe. Mkwe akafunga safari, ile ambayo mimi niliambiwa ni ya kufuata mbao, na bibi akamfungia mlango, asitake hata kumsikia. Kijana wa watu akakaa kibarazani mpaka asubuhi bila kusema neno. Asubuhi bibi akamsikia anapiga nyundo: alikuwa anaitengeneza ngazi ya kibaraza aliyokuwa anajikwaa kila siku. Ndipo akafungua, akakubali kuletwa huku. Hospitali hapa mjini walisema wamechelewa, wanaweza tu kuzuia maumivu. Sasa mkwe anamtunza. Redio kamletea yeye, na bibi kutwa nzima amekaa nayo, kipindi kikiisha anapapasa vitu vilivyomzunguka na kutafuta neno la kesho. Ndiyo maana vidokezo vyake havina rangi.

Nilisikia yote hayo, na ajabu ya hasira, yote niliyapeleka kule kule nilikokuwa nimeshaelekea. Kwenye korido nikaona kamba imepigiliwa ukutani kuanzia chooni mpaka mlango wa mwisho, imefungwa fundo kila baada ya hatua kadhaa, na misumari yake niliijua, ile ya vichwa vya shaba. Nikaiona kazi ya mume wangu ilivyotulia, na wivu ukanipanda mpaka kooni.

"Binti gani huyo," nikasema kwa sauti, na korido ikanirudishia, "anayemwacha mama yake kipofu alelewe na mkwe? Binti gani huyo asiye na haya?"

Mama Mapacha akaniwekea kidole mdomoni. "Taratibu, dada. Nasi tunajiuliza. Lakini bibi hataki mtu amseme vibaya. Anasema ni yeye aliyemkataza mkwe asimwambie binti, hataki mwanawe amwone anapapasa."

Akasukuma mlango.

Chumba kidogo, kisafi. Kitanda kilichotandikwa blanketi langu, kona yenye kiraka juu. Viatu viwili vimepangwa chini, cha kulia kulia. Redio yangu dirishani. Na kwenye kigoda changu cha jikoni, mbele ya karai la maji, mwanamke amekaa akiosha kikombe, kidole gumba kinazunguka chini ya kitako chake, kinaufuata msalaba, mstari huku na mstari huku. Amekonda. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Uso umegeukia ukuta ambao hauna kitu. Lakini mabega yale, na namna ile ya kukung'uta maji mara mbili kabla ya kuweka chombo pembeni, ningeyajua hata ningekuwa mimi ndiye kipofu.

Mama.

Sijui nilisimama muda gani. Najua beseni lilinilemea, nikalishusha, nikalikumbatia tumboni. Najua Mama Mapacha alinitazama mimi, akamtazama yeye, akayaona mabega yetu yanavyofanana, akaziba mdomo kwa kiganja. Akamvuta mtoto wake, akarudi nyuma, akaufunga mlango polepole. Maneno yote niliyoyapanga njiani yalikuwepo, madogo mbele na makubwa nyuma, na yote yalinigeukia yakanitazama. Binti asiye na haya. Nililisema mwenyewe, kwa kinywa changu, kwenye korido.

"Nani?" akauliza mama. Akasubiri. "Si Msumari, yeye anakohoa kwanza. Si Mama Mapacha, yeye haingii bila kelele za watoto."

Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Mimi ambaye nalipwa kusema.

Mama akakikung'uta kikombe, akapapasa pembeni mpaka akaufikia mtungi, akachota. Maji hayakumwagika hata tone. Akanyoosha mkono wenye kikombe kuelekea mlangoni, karibu sawasawa na niliposimama.

"Umetoka mbali na beseni kichwani," akasema. "Kunywa maji kwanza. Amechota mkwe wangu."

Nikaliacha beseni, nikavuka chumba, nikakipokea. Vidole vyetu vikagusana na hakuna aliyeviondoa. Niliyanywa maji yale, na machozi yakiingia humo humo, nikamwona anayasikiliza.

"Maneno mepesi nilikufichia mengi," akasema, "ukawa unayapata. Nikasema huyu hatashindwa, na asiposhindwa haji. Kukuita siwezi, niliapa. Ikabidi nikufichie ambalo najua hutalipata." Akafuta mikono kwenye nguo yake, akaigeuza juu magotini, mitupu. "Bado umenyamaza. Basi umeficha. Toa mkia."

Nilipiga magoti.

"Niliwahi kukaa gizani kwako," nikasema, "na giza halikunitisha."

Mikono yake iliruka ikanipata usoni, ikapita kwenye paji, kwenye pua, kwenye mashavu yaliyolowa, polepole, kama inasoma. Nikaanza kusema mama, nisamehe, akaniziba kinywa kwa kiganja kinachonuka sabuni.

"Hicho ni kimoja," akasema. "Jibu usinitajie. Sheria ni vinne."

Akanyanyuka kwa kushika bega langu, akakaa kitandani juu ya blanketi, akakiacha kigoda wazi. Nikakivuta. Kilikuwa kimekazwa miguu kweli, hakikutikisika. Nikakaa, nikaanza cha pili.